Teknolojia Iko Wapi Hapa?

Mwaka jana nilipeleka jaketi kwenye shindano la ubunifu hapa Nairobi. Jaketi ya mtu wa boda. Nilipanda jukwaani nikiwa nimeivaa, taa za ukumbi zikazimwa, mtu akanimulika na tochi ya simu kutoka nyuma kabisa, na watu wote wakasema "eish!" kwa pamoja. Nikajua hii nimechukua. Halafu jaji mmoja, kijana wa suti safi na raba nyeupe, akashika maikrofoni akaniuliza swali moja tu: "Ni nzuri. Lakini teknolojia iko wapi hapa?"

Sikuwa na jibu. Nilisema kitu kuhusu kitambaa, nikakwama, kengele ikalia, nikashuka. Aliyeshinda alikuwa na programu ya simu inayokuchagulia nguo za kuvaa asubuhi. Hongera zake, sina kinyongo. (Kidogo ninacho.)

Hii posti ndiyo jibu ambalo ningempa siku ile. Limechelewa miezi kadhaa, na ni refu kuliko zile dakika tatu tulizopewa, kwa hivyo tafuta chai.

Kwanza, vile jaketi ilianza. Binamu yangu ni mtu wa nduthi. Usiku mmoja wa mvua, kama saa nne hivi, pikapu ilitoka barabara ya kando ikamgonga ubavuni. Mguu ukavunjika mahali pawili. Dereva hakutoroka, hiyo tunamshukuru, lakini alichokuwa akisema pale ni neno moja, na alilirudia mpaka kila mtu akachoka: "Sikumuona. Wallahi sikumuona." Na binamu alikuwa amevaa reflekta! Helmeti kichwani, jaketi ya kijani juu, vile sheria ya trafiki inavyosema tangu irekebishwe mwaka 2012.

Mamake, yaani shangazi yangu, ni fundi wa nguo. Ana kibanda Kawangware na cherehani ya kukanyaga ambayo ni mzee kuniliko. Nguo za ajali zilipotoka hospitali alizifua zote isipokuwa ile jaketi. Hiyo aliitandika juu ya meza ya kukatia, akawasha taa, akaiangalia vile daktari huangalia eksirei. Kisha akanipigia simu. "Mwana wa kaka yangu, njoo uone ujinga."

Nilikuja. Ilikuwa jaketi ya bure, zile za kampeni. Mgongo wote ulikuwa uso wa mheshimiwa akitabasamu. Kifua kilikuwa jina lake na cheo anachotaka. Ukanda wa kung'aa, ambao ndio kazi yenyewe ya jaketi, ulikuwa umesukumwa chini karibu na pindo ili usikate sura ya mheshimiwa. Mtu akiketi kwa pikipiki, pindo linakunjika, na ukanda unapotea kabisa. Tena hata huo ukanda ulikuwa ni kitambaa tu cha rangi ya fedha. Shangazi alizima taa akaumulika na simu. Hakuna kitu.

"Hii si reflekta," akasema. "Hii ni bango." Akaikunja, akaiweka kando. Mtoto wake alibeba uso wa mtu mgongoni usiku kucha, na yeye mwenyewe hakuonekana.

Sasa, jaji wangu, turudi kwa swali lako.

Anza kwa kuangalia chini, kwa zipu ya suruali yako. Kuna uwezekano mkubwa imeandikwa YKK, kampuni ambayo Tadao Yoshida aliianzisha Tokyo mwaka 1934. (Najua nyote mmeangalia. Sawa.) Hiyo zipu ni mashine. Ina meno, ina kabari ya kuyaunganisha na kuyatenganisha, na wahandisi waliumwa kichwa nayo zaidi ya miaka 60. Elias Howe, yule Mmarekani aliyepata hataza ya cherehani mwaka 1846, alisajili kitu kinachokaribia zipu mwaka 1851, halafu akaachana nacho. Pesa ilikuwa kwa cherehani, na muda wake mwingi aliumaliza kortini akipigana na akina Singer. Mwaka 1893 Whitcomb Judson akaleta yake kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, ya kufunga buti. Ilikuwa ya ndoano na vijicho. Ilikwama. Ikisha kukwama, inafunguka yenyewe. Hebu fikiria suruali ya hivyo ukiwa kanisani.

Aliyeikomboa ni Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Uswidi. Mwaka 1913 alitupa ndoano, akaweka meno yanayofanana pande zote mbili, na akayabana: kama kumi kwa inchi moja, mahali wenzake walikuwa na manne. Na unajua nani walinunua kwanza? Si watu wa fasheni. Zilishonwa kwa mishipi ya kuwekea pesa ya wanajeshi na mabaharia, na kwa vifuko vya tumbaku. Mwaka 1923 kampuni ya B.F. Goodrich ikaziweka kwa buti za mpira ikaziita Zipper, na hapo ndipo jina lilitoka. Washonaji wa nguo za bei walikuja kuzikubali miaka ya 1930, pale Elsa Schiaparelli wa Paris alipoacha kuzificha, akazipaka rangi kali na kuziweka mahali kila mtu ataziona. Yaani kitu kikae miaka 40 kikionekana ni cha buti na mifuko, halafu mwanamke mmoja mwenye macho aseme hapana, hii ni pambo.

Hiyo ni moja. Ya pili naipenda zaidi kwa sababu inaniuma.

Kama ulisoma shule ya msingi ya mashambani, ama ulipelekwa kwa shosho likizo ya Desemba, unaijua kishona nguo. Ile magugu yenye mbegu nyembamba nyeusi, ukipita nayo unafika nyumbani soksi zimejaa sindano. Ikikushika kwa sweta, unakaa jioni nzima ukizing'oa moja moja na mama anakugombeza. Jina lenyewe limebeba wazo zima: kitu cha porini kinachoshona nguo. Mababu zetu waliiangalia hiyo mbegu, wakaona fundi.

Mwaka 1941, mhandisi wa Uswisi aitwaye George de Mestral alirudi kutoka matembezi milimani na mbwa wake. Manyoya ya mbwa na suruali yake vilikuwa vimejaa mbegu za kunata za huko kwao, ni jamii ingine ya mmea lakini tabia ni ile ile. Badala ya kutukana, akaziweka chini ya hadubini. Akaona vijindoano vidogo vidogo vikishika kwenye vitanzi vya uzi. Akasema hiki kinaweza kutengenezwa.

Watu hupenda kuishia hapo, kwa mbwa na hadubini, kwa sababu ni stori tamu. Mimi napenda kinachofuata. Wengi walimcheka. Akaenda Lyon, Ufaransa, mji wa wafumaji, na mfumaji mmoja ndiye aliyemsaidia kutengeneza mfano wa kwanza kwa pamba. Ulishika vizuri kisha ukachakaa. Wakahamia nailoni. Vitanzi vilikubali, ndoano zikakataa, mpaka akagundua kwamba nailoni ikifumwa chini ya joto la miali ya infraredi inakaa na umbo lake. Halafu swali la mwisho: utakataje maelfu ya vitanzi ili viwe ndoano, vyote sawa, bila kuviharibu? Hataza ilikuja mwaka 1955. Miaka 14 kutoka kwa matembezi! Leo iko kwa raba za watoto, kwa mkanda wa kupima presha, na kwa bandeji ngumu ya mguu aliyovaa binamu yangu baada ya plasta kutolewa. Inaitwa Velcro, jina lililounganishwa na maneno mawili ya Kifaransa, ya mahameli na ndoano.

Sisi tulikuwa tumeiita kishona nguo na tukaendelea kung'oa. Sisemi hivi kutudharau. De Mestral alikuwa mhandisi mwenye hadubini, na alikuwa na miaka 14 ya kushindwa bila kulala njaa. Mtoto mwenye soksi zilizojaa alikuwa na homuwaki.

Wacha sasa nikiri makosa yangu, kwa sababu jaketi uliyoiona jukwaani haikuwa ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa na teknolojia kabisa, ile ungeipenda. Nilienda Luthuli Avenue nikanunua taa ndogo za LED, waya, swichi na betri. Nikazishona mgongoni na mikononi, betri nikaiweka mfuko wa ndani. Usiku, nyumbani, ilikuwa inawaka kama matatu ya Rongai. Nilichukua video, nikaposti, mkanipenda sana, asanteni.

Rafiki wa binamu pale stejini aliivaa siku mbili. Siku ya tatu ikanyesha. Aliniambia alisikia joto mbavuni, halafu harufu, akaivua mbio mbio katikati ya abiria. Maji yaliingia mpaka kwa betri. Na nilikuwa nimetumia kitambaa kisichopitisha maji! Nilikasirika, nikataka kurudisha hicho kitambaa dukani. Shangazi alikishika, akakiinua kwenye dirisha, akanionyesha mshono wangu. Mwanga ulikuwa unapita nukta nukta, mstari mzima.

"Kitambaa hakina shida," akasema. "Kila tundu la sindano ni mlango."

Baadaye nikisoma nikakuta kwamba hilo kosa langu lina umri wa miaka 200. Charles Macintosh, mkemia wa Glasgow, alipata hataza mwaka 1823 ya kitambaa kisichopitisha maji. Viwanda vya gesi vilikuwa vinatupa lami ya makaa ya mawe, yeye akatoa ndani yake mafuta yanayoitwa nafta, akayeyushia mpira humo, akaupaka katikati ya vitambaa viwili kama siagi kwa mkate. Kitambaa kikakubali. Kisha kikaenda kwa mafundi wa nguo, mafundi wakakishona kama kitambaa kingine chochote, na makoti yakavuja kila mahali sindano ilipopita. Wateja wakalaumu kitambaa, vile nilivyofanya mimi. Ikabidi kampuni ianze kutengeneza makoti yenyewe na kuziba mishono. Bado shida hazikuisha: wakati wa baridi koti linakuwa gumu kama ubao, wakati wa joto linanata, na linanuka wakati wote. Dawa ya hapo ilikuja Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na salfa unatulia. Mwingereza Thomas Hancock, mshirika wa Macintosh, akawahi kuomba hataza Uingereza mwaka 1843.

Jina la huyo mzee bado liko kwetu, ila limebadilisha kazi. Uliza mtu yeyote aliyewahi kusindikiza dadake hospitali kujifungua. Kwenye ile orodha ya vitu vya kubeba, pamoja na pamba na nguo za mtoto, kuna makintoshi. Ile shiti ya mpira ya kutandika kitandani. Watu wa bording pia wanaijua, na wengine hawataki kukumbuka walipewa kwa sababu gani.

Kwa hivyo shangazi alinifundisha mshono wa kukunja mara mbili, ule wa kuficha matundu ndani, na kupitisha uzi kwenye mshumaa kabla ya kuutia kwa sindano. Nta inajaza tundu. Nani alimfundisha? Mzee mmoja aliyekuwa anashona hema. Yeye naye alifundishwa na mtu. Hiyo elimu haina hataza yoyote.

Sasa hapa ndipo ningependa jaji awe ameketi vizuri.

Nguo yenye kazi ngumu kuliko zote zilizowahi kuvaliwa, kwa maoni yangu, ni suti waliyotembea nayo Neil Armstrong na Buzz Aldrin juu ya mwezi Julai 1969. Ndani yake kuna hewa, nje hakuna. Ikitoboka, umekufa. Lakini pia lazima mtu aweze kukunja goti, kuinama, kushika jiwe. Kampuni zilizozoea kutengeneza mitambo ya kijeshi zilishindania hiyo kazi. Aliyeshinda mwaka 1965 alikuwa International Latex Corporation ya Dover, Delaware, ambayo Wamarekani waliijua zaidi kwa bidhaa zake za Playtex.

Playtex. Sidiria na nguo za kubana tumbo.

Ukifikiria kidogo inaleta maana kabisa. Nani mwingine alikuwa ametumia miaka yake yote akifikiria namna ya kuubana mwili na kuuacha ukapumua na kusonga? Wanawake waliokuwa wanashona sidiria na chupi za mpira za watoto wachanga walihamishwa wakaanza kushona suti za anga. Tabaka 21, moja juu ya nyingine, kwa cherehani za Singer zilizorekebishwa. Mshono haukuruhusiwa kupinda zaidi ya sehemu moja ya 64 ya inchi, hiyo ni chini ya nusu milimita. Pini za kushikilia kitambaa zilipigwa marufuku, kwa sababu pini moja ikisahaulika katikati ya tabaka ni kifo cha mtu. Suti zilipigwa eksirei kutafuta pini. Kila mwanaanga alishonewa yake, kwa vipimo vyake. Baada ya moto wa Apollo 1 kuua wanaanga watatu Januari 1967, tabaka la nje likabadilishwa kuwa kitambaa cha nyuzi za kioo zilizopakwa Teflon, kisichoshika moto, na hao hao akina mama wakalazimika kujifunza kukishona.

Kuna filamu yao ya zamani, mtu akicheza mpira wa Kimarekani ndani ya hiyo suti, anakimbia, anadaka, anapiga teke. Niliionyesha shangazi kwa simu. Hakusema kitu kuhusu mpira. Aliisimamisha pale mtu alipokunja kiwiko akakuza picha kwa vidole viwili. "Hapo," akasema. "Hapo wamefinya kitambaa. Kama kiuno cha sketi ya lastiki." Halafu akauliza majina ya walioshona. Nilikuwa nalo moja la kumpa, Eleanor Foraker, aliyesimamia washonaji. Akalirudia mara mbili, polepole, kama mtu anayehifadhi namba.

Mimi sidhani kuna mhandisi wa NASA aliyeuliza wale akina mama teknolojia iko wapi.

Na kama ulimaanisha kompyuta, jaji, hiyo pia ina historia kwa kitambaa. Mwaka 1804 Joseph Marie Jacquard, wa Lyon, alitengeneza mtambo wa kufuma unaosoma kadi zenye matundu. Tundu liko, uzi unapanda. Halipo, unabaki chini. Ukibadilisha kadi, maua yanabadilika. Charles Babbage wa Uingereza, aliyebuni mashine ya kukokotoa ambayo watu huiita babu ya kompyuta, aliazima wazo la hizo kadi, na alikuwa na picha ya Jacquard iliyofumwa kwa hariri kwa kadi kama 24,000. Unaona vile mambo yalivyozunguka? Kompyuta zilienda shule kwa wafumaji, na leo mtoto wa kompyuta anauliza mshonaji anajua nini.

Kampuni ya Google ilikumbuka hiyo, nadhani, maana mradi wao wa nguo waliuita Jacquard. Mwaka 2017 walishirikiana na Levi's wakatoa jaketi ya denimu ya watu wa baiskeli. Uzi unaopitisha umeme umefumwa kwenye mkono wa kushoto, unapapasa tu na wimbo unabadilika, unagonga na simu inakuambia njia. Dola 350. Wazo ni zuri, hasa kwa mtu ambaye hawezi kutoa simu akiendesha. Lakini ilikuwa imepimwa kustahimili kufuliwa mara kumi. Kumi! Jaketi ya mtu wa boda inafuliwa kila Jumapili kwa sabuni ya kipande na kuanikwa juani. Hiyo ni miezi miwili na nusu, baada ya hapo umebaki na denimu ya kawaida. Na mwaka 2023 Google wakafunga programu yake. Denimu bado iko, ila ule mkono wake hauongei na mtu yeyote tena.

Siwacheki. Na mimi nilichoma mbavu za mtu karibu.

Kwa hivyo tulirudi nyuma, mimi na shangazi, tukauliza swali la dereva wa pikapu: kwa nini hakuona? Hapa kuna kitu ningetaka kila mtu wa nduthi ajue, na kila mama anayemnunulia mtoto begi la shule. Jaketi nzuri ina vitu viwili tofauti na watu huvichanganya. Kuna ile rangi kali ya manjano ama chungwa. Hiyo inafanya kazi mchana, jioni na wakati wa ukungu, kwa sababu inachukua miali ya jua tusiyoiona na kuirudisha kama mwanga tunaouona. Ndiyo maana inaonekana kama imewashwa. Usiku hakuna jua, kwa hivyo haikusaidii sana. Halafu kuna ule ukanda wa kijivu. Ule wa kweli una vipira vya kioo vidogo kama vumbi, na kila kimoja kinapokea mwanga wa gari na kuurudisha kule kule ulikotoka, machoni pa dereva. Huo ndio wa usiku. Ukanda unaong'aa kama bati ya mabati unatupa mwanga ovyo ovyo, dereva hapati kitu.

Rangi hizo kali zilianza na ajali nyingine. Mwaka 1933 kijana wa California, Bob Switzer, aliumia kichwa kazini akawekwa chumba cha giza apone. Humo ndani akaanza kuchezea vitu vinavyong'aa chini ya taa ya miali, pamoja na ndugu yake Joe. Walitoa rangi ambazo baadaye dunia ilizijua kwa jina Day-Glo, na kwenye Vita vya Pili wanajeshi wa Marekani huko Afrika Kaskazini walitandika vitambaa vya rangi hizo chini ili ndege zao zisiwapige. Nguo ya kwanza ya aina hiyo inasimuliwa kwamba ilitoka kwa gauni la harusi la mkewe Bob. Sijui mke wangu, nikimpata, atasemaje. Mwaka 1964 zikajaribiwa kwa mafundi wa reli, Glasgow, mji ule ule wa Macintosh. Vesti za rangi ya chungwa. Walizibatiza jina la kimulimuli.

Ya kwetu ya pili haikuwa na waya hata mmoja. Kitambaa cha manjano, kipande kwa kipande, kimekatwa kwa mtu aliyeketi. Hiyo ilikuwa akili ya shangazi. Jaketi zote za dukani zimekatwa kwa mtu aliyesimama, na mtu wa boda hasimami. Alimketisha binamu kwenye stuli, mguu wenye bandeji umenyooshwa, mikono mbele kana kwamba ameshika usukani, akachora kwa chaki mahali mgongo unatanuka na mahali mbavu zinaonekana na gari linalotoka kando. Ukanda wa kweli, tulioununua mjini baada ya kumulika rola karibu kumi na simu huku muuzaji akituona wazimu, akaupitisha mabegani, mikononi, na ubavuni kushuka. Ubavuni, kwa sababu ya ile pikapu. Mishono imekunjwa mara mbili na uzi umepitishwa kwa mshumaa.

Kitambaa chenyewe ni cha kutoka nje. Tulijaribu kutafuta cha hapa. Kenya iliwahi kuwa na viwanda vya kuheshimika, Kicomi Kisumu, Rivatex Eldoret tangu 1976, na soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 vingi vikaanguka. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na ikazinduliwa upya mwaka 2019, hiyo ni habari njema. Lakini kitambaa cha kazi yetu hatukukipata, tukanunua cha nje kwa mita. Hiyo ni posti yake siku nyingine.

Gharama ya jaketi moja inafika 1,400 kabla ya shangazi kujilipa. Ile ya mheshimiwa ni bure. Hapo ndipo penye ugumu wetu wote, na sina ujanja wa kupita. Tumeshona 23 mpaka sasa. Watu wa steji wanalipa kidogo kidogo, 50 kwa siku, kwa M-Pesa ya shangazi. Wawili wametoroka na deni na tunawaona wakipita, maana wanaonekana vizuri sana usiku.

Binamu alirudi barabarani mwezi wa tatu. Anachechemea kidogo asubuhi. Jioni ya kwanza nilisimama kando ya barabara nikamngoja, na nikamwona kutoka mbali, kabla sijasikia pikipiki: mistari miwili ya mabega, halafu mikono, halafu ubavu alipokata kona. Akasimama, akavua helmeti, nikangoja aniambie vile imemfaa.

"Mfuko wa simu umeweka kushoto," akasema. "Mkono wa kushoto ndio wa klachi. Nitapokeaje pesa?"

Nilipiga simu kwa shangazi hapo hapo. Akasema nimwambie aje Jumapili, na alete na hizo zingine 22.